Bandeji ya Mtoto wa Mwenyekiti

Juzi, saluni kwetu Ngokolo, runinga ilimwonyesha mheshimiwa mmoja akidai jeshi la lazima lirudishwe. "Vijana wa siku hizi wamelegea," alisema. "Sisi enzi zetu hatukusubiri kusukumwa." Harufu ya damu ya mbuzi ikanijia puani.

Kijijini tulikuwa majirani naye. Mchana ule, gari lilipokuja kuchukua vijana wa kwenda jeshini, yeye, mtoto wa mwenyekiti, alikuwa amelala barazani, mguu umefungwa bandeji iliyolowa damu. Inzi walimjaa. Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa anachunwa, nami nikadhani ni wa kumganga mgonjwa. Nilimhurumia mpaka nikampa matobolwa yangu yote, vile viazi vitamu alivyochemsha mama na kuvikausha juani. Akayatafuna huku akigumia.

"Huyu ameumia, hafai," mwenyekiti aliwaambia askari. "Jaribuni nyumba ya jirani."

Nyumba ya jirani ilikuwa yetu, na kijana alikuwa kaka yangu Masanja. Mama alilia. Mimi nilimpungia mkono, nikimwonea wivu kwa kupanda gari. Jioni mgonjwa alikuwa uwanjani anacheza mpira, nikaamini ile dawa ya mbuzi ni kali kweli.

Kaka alirudi baada ya miaka, anachechemea. Mpaka leo anachechemea.

"Mama Neema, mbona umekunja uso?" msusi aliniuliza. "Unamjua yule?"

"Naujua mguu wake," nilimjibu. "Zima hiyo runinga."