Balasa na Barasa si Mtu Mmoja

Mimi si mtu wa kupamba maneno. Shule niliiacha nikiwa mdogo, lakini macho ninayo, na kanisani kwetu hakuna anayeweza kusimama aseme amewahi kunishika na uwongo. Kwa hivyo kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu usikize. Jambo hili lilitendeka Kitale, mimi nikiwa nimekaa pale pale, na mtu niliyempoteza siku hiyo hajazikwa. Anakula, anatembea, anauza nyimbo.

Ni mwanangu, Barasa. Sina mwingine.

Barasa alikuwa na duka huko Kibomet, mtaa wa Kitale, la kuwekea watu nyimbo. Ulikuwa ule wakati simu zilianza kuimba. Mtu analeta simu yake ama sidi tupu, anasema nataka za rumba, nataka za kwaya, na Barasa anamtolea kwa kompyuta. Yeye mwenyewe pia alikuwa mwimbaji. Alipiga gitaa, aliimba za kanisa na za harusi, na sauti yake, sisemi hivi kwa sababu ni wangu, iliwafanya wamama wasahau sufuria mpaka ugali unaungua.

Jina hilo alilipata kwa kulia. Sisi Wabukusu tunajua: mtoto akilia mchana na usiku na hana ugonjwa, watu wazima wanakaa chini, wanamtajia majina ya waliokufa, moja moja. Jina atakalonyamazia, huyo ndiye anataka kukumbukwa. Wangu alinyamazia jina la baba mkwe wangu, mpigaji wa litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi. Lakini kumpa mtoto jina si kumpa mtu. Mzee anaambiwa hapo hapo: jina umepata, sasa kaa huko kwako, mwache mtoto akae huku kwetu. Hilo neno la mwisho ndilo watu wa siku hizi wamelitupa.

Marehemu bwana yangu alikuwa amemrekodi baba yake kwa kaseti, nyumbani kwetu Bungoma, upande wa Lugulu. Kaseti zikakaa kwa mkebe miaka na miaka. Siku moja Barasa akaja akasema zitaoza, afadhali aziweke kwa kompyuta, na mimi niende naye kwa sababu mimi ndiye ninajua ni nani anaimba wapi. Nikaenda.

Kazi yenyewe si ngumu. Wimbo ukiingia kwa kompyuta unaingia kama kichanga, hauna jina. Unauandikia: unaitwaje, ni nani aliyeuimba, ni wa harusi ama wa matanga. Usipoandika, kompyuta inaandika yenyewe kwamba mwimbaji hajulikani. Basi yeye anacheza, mimi nasema, yeye anaandika.

"Na huyu ni nani, Mama?"

"Huyo ni babu yako. Balasa."

Akacheka. Sisi wa Bungoma ulimi wetu hauchagui, ra na la kwetu ni ndugu, na watoto wa mjini wanatucheka. "Nikuandikie vile umesema? Ba-la-sa. Watu wajue ni nani alinitajia majina."

"Andika. Mimi sioni haya kwa ulimi wangu."

Akaandika hivyo. Kila kaseti, Balasa. Na nyimbo zake mwenyewe zilikuwa kwingine, chini ya Barasa. Mzee huku, mtoto huku, kila mtu na boma lake. Nilikuwa hata nimefurahi.

Jioni mvua ya Kitale ikaanza kumwagika. Kaseti zilikuwa zimeisha, Barasa akaiambia ile programu ya kupanga nyimbo isafishe majina yote, itafute yaliyoandikwa vibaya. Ikatoa swali. Akanisomea.

"Mama, inauliza, ati Balasa na Barasa ni mtu mmoja? Iwaunganishe?"

"Iambie hapana."

"Si jina ni moja? Si ni nyinyi mlinipatia? Mtu akinitafuta mimi, apate na babu hapo hapo."

"Barasa. Babu yako ni babu yako. Wewe ni wewe."

"Ai, Mama! Hii ni kompyuta bana, si kaburi."

Akabonyeza. Nyimbo zikaruka zikapangana upya chini ya Barasa, zake na za mzee, kama mahindi na maharagwe kwa sufuria moja.

Sasa hapa ndipo nataka unisikize. Nilikuwa kwa stuli pembeni, nachambua mboga, mrenda wa kupika usiku. Nikasikia njuga mlangoni. Sikuinua kichwa, niliona tu miguu ikiingia. Na mrenda ukaanguka wote chini.

Utaniuliza, mtu anajulikanaje kwa miguu? Uliza mwanamke yeyote aliyeolewa kwetu zamani. Mke hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono, hali naye. Mzee akiingia, wewe unageuka. Mimi mzee yule sikuujua uso wake. Nilimjua kwa miguu: mipana, vidole vimetawanyika kama mizizi, njuga kwa mguu wa kulia. Na miguu ile ilizikwa kabla Barasa hajazaliwa. Uso wangu wenyewe ukageukia ukuta, bila kuutuma.

"Nimesikia naitwa," akasema. Ile sauti tuliyoisikiza kwa kaseti siku nzima.

"Karibu mzee," mwanangu akasema. "Tukuwekee nyimbo gani?"

"Zangu."

"Kumbe wewe ni msanii! Jina?"

"Barasa."

Mwanangu akacheka mpaka akapiga meza. "Mzee, Barasa ni mimi. Uliza Kibomet yote."

"Sasa tuko wangapi?"

Nikauambia ukuta, kwa sauti, "Baba, huyo ni mtoto. Mwache!" Lakini mzee hamjibu mke wa mwanawe. Hakunijibu akiwa hai, angenijibu sasa?

"Mama, wacha mzee anitanie," Barasa akasema. Halafu, kwa mdomo wake mwenyewe, bado anacheka: "Tuko mmoja, mzee. Kompyuta imesema."

"Na wewe umekubali?"

"Nimekubali."

Nikangoja ile miguu itoke. Haikutoka. Ilizunguka meza polepole, njuga zikilia, ikaenda upande wa mwanangu. Nikaibia kwa jicho, uso bado ukutani, na chini ya meza nikaona miguu minne. Niamini: viatu viwili vyeusi vya Barasa, na ile mitupu. Nikafumba macho nikaita Yesu. Nilipofumbua, kulikuwa na viatu peke yake.

"Barasa, mzee ameenda wapi?"

Nikainuka nikamshika bega. Akaruka kama mtu aliyechomwa na kaa. Akageuza uso, akatoka nje, akasimama kwa mvua na shati lake, na hakurudi ndani mpaka mimi nilipotoka dukani.

Tumehangaika, usifikiri hatukuhangaika. Mkewe, Nafula, alileta fundi wa kompyuta akawatenganisha tena. Nyimbo zote zikaenda kwa Balasa. Kwa Barasa hakukubaki kitu, hata ule aliomwimbia Nafula siku ya harusi yao. Ukiufungua, ni litungu na sauti ya mzee. Fundi akasema ati zimeharibika. Mchungaji aliomba, na Barasa akaitikia amina kwa sauti nene ambayo si yake. Daktari akampima akasema hana ugonjwa. Na ni kweli, ugonjwa hana.

Majirani wananisifu. "Mama Barasa, una bahati, kijana wako ana heshima ya wazee." Heshima! Mtoto niliyembeba mgongoni hanipi mkono. Akija Bungoma anakaa nje. Chakula ninaweka chini naenda zangu, ndipo anakula. Mwaka jana niliugua hata wakafikiri nakufa. Alikuja. Alisimama nyuma ya dirisha, nami nikaita kwa nguvu zote nilizobaki nazo, "Barasa, mwanangu, ingia nikuone."

Nikamsikia akimwambia Nafula, "Mwambie mke wa mwanangu apone haraka."

Wewe mwenye nyimbo zako kwa kompyuta, unayebonyeza bonyeza bila kusoma, nisikize mimi bibi yako. Mashine inajua herufi. Haijui nani alizaa nani. Ikikuuliza kama watu wawili ni mmoja, iache hapo na swali lake, uende kwanza uulize wazee wa kwenu, hata kama wanatamka vibaya. Mimi nilizaa mtoto mmoja. Leo sina mtoto, nina baba mkwe.