Robo Tatu ya Gunia la Karoti

Dada yangu Paskalia alifikia kwangu Kilakala mwezi wa kwanza, akitokea Mgeta, na begi moja na madaftari manne. Ana miaka arobaini na mitatu. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kimekaa chini ya godoro tangu kabla hajaolewa. Alitaka kufanya mtihani wa kuingia chuo cha kilimo, awe bibi shamba, maana alichoka kufundishwa kulima matuta na vijana ambao hawajawahi kushika jembe kwenye mteremko.

Kituo alichojiandikisha kilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya darasa la maandalizi ya mtihani, kila mtu anarudia mambo ya msingi kwa wiki sita: sehemu, asilimia, kusoma kwa ufahamu. Mwishoni kuna jaribio. Ukipata chini ya hamsini huendelei, unasubiri mwaka mwingine.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo alipojisomea nilimshikia tu kitabu upande wa majibu. "Usiniambie," alikuwa akisema. "Niache nikosee kwanza."

Siku ya matokeo nilimpeleka kwa baiskeli, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Mwalimu Ezekiel, kijana wa umri wa mwanawe, aligawa karatasi. Dada alipata arobaini na nane.

"Pole, mama yangu," mwalimu alisema. "Tutakuona mwakani."

"Mwakani sipo, mwalimu. Swali la tisa umenipa sifuri kwa nini?"

Swali lilisema mkulima ana magunia manne ya karoti, kila gunia kilo mia, ameuza robo tatu. Ameuza kilo ngapi? Dada aliandika mia tatu na sitini.

Abdi, kijana wa viti vya nyuma, alicheka. "Mama Karoti kaongezea na mbolea."

"Wewe karoti unaijua ikishafika kwenye kachumbari," dada alimjibu bila kugeuka.

"Jibu ni mia tatu," alisema mwalimu. "Swali limesema kilo mia."

"Na mnunuzi naye husema mia. Miaka ishirini nasikia mia, halafu gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa kilemba juu kwa kamba, linabeba mia na ishirini. Lumbesa. Mkono wangu umeandika mia na ishirini kabla macho hayajamaliza kusoma."

"Basi umekosea kusoma."

"Nimekosea kusoma, nakubali. Robo tatu je, nimekosea kuitafuta?"

Mwalimu aliitazama karatasi. Mia na ishirini mara nne, gawanya kwa nne, zidisha kwa tatu. Kila mstari ulikuwa mahali pake.

"Ulituambia alama mbili ni za njia, moja ya jibu," dada aliendelea. "Rehema hapa kakosea jibu la swali la nne, umempa mbili. Kwangu umeona jibu baya, njia hukuisoma."

Rehema aliinua karatasi yake. "Kweli, mwalimu. Mimi umenipa."

"Nikibadilisha alama kwa kila anayelalamika, mama, tutalala hapa."

"Sijalalamika. Ningekuwa wa kulalamika ningeanza na yule mnunuzi. Niandikie swali ubaoni, weka namba unazotaka wewe."

Darasa zima lilikuwa likimwangalia, na aibu nikaisikia mimi niliye mlangoni. Yeye hakuinamisha uso. Mwalimu aliandika: magunia saba, kilo tisini kila moja, theluthi mbili zimeuzwa. Dada alisoma kwa sauti mara mbili, kidole kikifuata maneno, kisha akachukua chaki. Mia nne na ishirini.

"Na hizo ni za tisini," alisema, "maana umeandika tisini."

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akaandika mbili kando ya swali la tisa, akakata arobaini na nane, akaweka hamsini.

"Jumatatu saa tisa. Lakini mtihani wenyewe sisahihishi mimi. Huko hakuna mtu wa kumweleza habari za lumbesa."

"Najua," dada alisema, akachukua karatasi yake.

Njiani nilimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Kanyaga. Asilimia bado hazijaniingia, na Jumatatu si mbali."