Nukta ya Jikoni kwa Mama

Mimi subira sina, na ofisini wanalijua hilo. Kazi yangu hapa Dodoma ni kuchora ramani za hewa. Tuna vipima hewa, visanduku vyeupe tunavyovitundika chini ya mapaa ya watu, Bahi, Ihumwa karibu na reli, na kwingineko. Vinapima moshi na vumbi, vinatuma taarifa kwa mtandao wa simu, nami naziingiza kwenye programu ya ramani. Kila kipima kinakuwa nukta: kijani hewa safi, njano wastani, nyekundu hatari.

Mama yangu anaishi Kolo, kule Kondoa, peke yake tangu baba alipofariki. Msimu wa mvua uliopita kifua kilimbana mpaka majirani wakamkimbiza hospitali. Daktari hakuzunguka: mama, moshi wa kuni utakuua. Nikamnunulia jiko la gesi. Nilipokwenda kumsalimia nikalikuta sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki! Mwenyewe yuko jikoni uani, anapuliza kuni na kukohoa.

"Chai ya gesi haina ladha," akasema.

"Na kaburi lina ladha gani?"

"Astaghfirullah! Mtoto una mdomo wewe." Kisha akanimiminia chai. Ilikuwa tamu, bahati mbaya.

Nikamwomba bosi kipima kimoja cha akiba, nikamwambia nataka kukijaribu huko milimani. Utaratibu wetu ni kutundika mbali na jiko. Mimi nikakitundika mlangoni pa jiko la mama, makusudi, nipate ushahidi wa kumtisha. Kumbe nimesahau kitu: mahali pasipo na kipima, programu hukisia rangi kwa kuangalia nukta iliyo karibu. Na Kondoa nzima hatukuwa na nukta nyingine. Mama alipochemsha chai, wilaya yote ikawa nyekundu.

"Jamani, Kondoa kunaungua?" bosi akauliza. Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Nikaiondoa nukta ile kwenye ramani ya kazi, nikaiweka kwenye ramani yangu ya pembeni.

Hapo ndipo nilipoharibika. Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, nafungua ramani yangu. Nukta ni kijani. Baada ya swala ya alfajiri inageuka njano, halafu nyekundu: mama ameamka, anapuliza moto. Niliichukia rangi ile, na nisipoiona situlii. Ule ushahidi wa kumtisha sikuupeleka kokote. Nilikuwa namtazama tu mama yangu.

Asubuhi moja haikugeuka. Jua likapanda, bado kijani. Nikakagua kipima, kinatuma taarifa vizuri kabisa. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena, na tena, huku natafuta viatu nikimbilie stendi.

"Haloo! Una nini wewe? Nilikuwa nafua."

"Mama! Shikamoo. Mbona hujawasha moto?"

"Marahaba. Nimepikia gesi. Si ndiyo ulitaka? We umejuaje?"

Nikalia, jamani, nikalia kama mtoto mdogo. Nikamweleza yote: kile kisanduku, nukta, rangi zake, na kwamba kila asubuhi nikiuona moshi wake ndipo najua yuko hai. Nilifurahi mno kwa ile gesi, nikamwambia na hilo. Yeye akaniambia tu nikanywe chai, nitachelewa kazini.

Kesho yake nikafungua ramani kwa mazoea tu, moyo umetulia, najua nitakuta kijani. Nukta ikageuka nyekundu mbele ya macho yangu, tena ghafla. Hasira zikanipanda, nikapiga simu hapo hapo.

"Mama, gesi imeisha?"

"Haijaisha. Chai nimepikia gesi." Akaisogeza simu mbali ili nisimsikie akikohoa, lakini nilimsikia. "Nimechoma magunzi kidogo tu pale mlangoni, mwanangu, ujue nimeamka."