Matabishi haikuwa yake

Leo sokoni nilikataa kucheka, na sitaomba musamaha.

Mama moja alifika kununua maharagwe. Niko namupimia kopo ya tatu, redio ya jirani ya meza ikasema vita imesogea tena huko kwetu Kivu.

Mama akasema, "Ninyi batu ya Kivu, vita ni yenu. Musituletee hapa Kisangani."

Kisha akasukuma sashe yake ya plastiki. "Ongeza matabishi."

Kwa ndugu ya mbali, matabishi ni hii: ukimaliza kupima, unamuongezea muteja mukono moja yenye kujaa, ya bure. Ni heshima. Miaka miwili hapa Kisangani natukanwa, nacheka, naongeza.

Leo nikaweka kopo chini.

"Mama, maneno yako imeniuma. Niko na kasirani. Matabishi hakuna."

Bon, nikangojea matusi.

Akaanza kulia.

Akasema kumbe mutoto yake ni askari, iko huko huko kwenye vita. Wiki tatu hajapiga simu.

Jirani akanigonga na kiwiko: "Cheka naye basi, iishe."

Hapana. Nilimupa kiti yangu, nikangoja amalize kulia. Alors nikashika maharagwe, mikono mbili yenye kujaa, nikatia mu sashe.

"Hii ni matabishi ya mutoto yako. Wewe, niko bado na kasirani nawe."

Akapanguza macho. "Uko na haki," akasema, akaenda.

Jirani anasema niko na roho mubaya. Na ninyi? Muandike hapa chini.

Nitasoma yote. Sitacheka.