"Nevertheless" ya Bosi Wangu

Bosi wangu alichagua viunganishi vya Kiingereza kama mtu anayechagua tai ya kuvaa harusini. "However" ikitokea mara mbili kwenye ukurasa mmoja, alinuna mpaka niondoe moja na kuweka "On the contrary" au "In contrast", yoyote ile, mradi isijirudie. Shuleni tulivikariri hivyo hivyo, darasa zima kwa sauti moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja na ukimkosa huyu unamwita yule. Nilipomwambia bosi kwamba vinatofautiana, alinitazama kwa huruma ya kejeli.

"Dada, ripoti inasomwa na watu wakubwa. Wanataka itiririke."

Ofisi yetu ilikuwa Nyamagana, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Tuliandika ripoti za mikutano ya maoni. Anayetaka kujenga mahali penye watu lazima aonyeshe kwamba watu hao wameulizwa, basi sisi ndio tuliokwenda kuuliza. Aliyetulipa ni huyo anayetaka kujenga, na bosi hakulisahau hilo hata usingizini.

Ikaja kazi ya mwalo mmoja, ufuko wa wavuvi kisiwani, karibu na Nansio. Tajiri fulani alitaka kujenga hoteli pale pale akina mama wanapoanika dagaa. Mmoja wao ni mama yangu mdogo, aliyenilea na kunisomesha kwa dagaa hao hao. Bosi alijua, na alinichukua makusudi. "Wakikuona wewe watalainika," alisema.

Hawakulainika. Mama mdogo alisimama wa kwanza. "Hapa hatuhami. Mkituondoa tukaanike wapi, juu ya mabati?" Wenzake wakainuka mmoja mmoja kusema hilo hilo, na hakuna aliyesema vinginevyo. Mkutano ulipofungwa, wote walisimama wakatusindikiza kwa makofi na vigelegele mpaka kwenye gari. Kwetu mgeni huagwa hivyo, hata kama amekuja kukunyang'anya. Hata mtoto mdogo anajua kwamba makofi hayo hayana maana ya kukubali. Bosi alitoa simu yake akarekodi.

Niliandika kwamba akina mama wote wamekataa. Bosi akafuta "wote", akageuza kukataa kwao kuwa "hofu kadhaa", kisha akapachika sentensi yake mwenyewe: Nevertheless, yaani pamoja na hayo yote, waliushangilia mradi.

"Bosi, hawakuushangilia. Walikuwa wanatuaga."

"Video ninayo. Ni makofi au si makofi?"

"Walikataa."

"Na hofu zao nimeziweka. Hupendi 'Nevertheless'? Weka 'However'. 'Nonetheless' nayo ipo. Chagua mwenyewe, leo sikubanii."

Alicheka mpaka akashika tumbo. Miaka yote nilimdhani mjinga wa viunganishi. Kumbe alijua vizuri sana kila kimoja kinabeba nini, na siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilikataa kutia saini. Akatia yake, ripoti ikapita, na mwezi haukuisha kabla sijaonyeshwa mlango.

Mama mdogo hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alichosema ni kwamba pengine Kiswahili chao hakikusikika vizuri, kwa hiyo nimwandikie tajiri barua ya Kiingereza, Kiingereza kile kizito cha ofisini. Nikaandika. Sijawahi kupima maneno kama siku ile, nikihofia kwamba "therefore" itasikika kama ubishi na "in view of this" kama kuomba msamaha. Akina mama wakaweka alama za vidole gumba, barua ikaenda.

Jibu lilipofika, mama mdogo alinipigia simu niende nikamsomee. Nilivuka kwa kivuko, nikamkuta ameketi kando ya nyavu za kuanikia, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwamkia, akaitikia huku bahasha tayari iko mkononi. Hakuwa ameifungua.

"Nisomee kwanza kwa Kiingereza," alisema. "Nataka nikisikie."

Mistari miwili tu ilinitosha kumtambua aliyeandika. Bosi alijibu kwa niaba ya tajiri, na alijipamba kwelikweli: "Furthermore" hapa, "Moreover" pale, na aya ya mwisho ikaingia kwa "In light of the foregoing". Nilisoma yote. Mama mdogo alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, anatabasamu.

"Kizuri," alisema. "Kina heshima. Kwa hiyo wamekubali?"

"Wamekataa, mama."

"Barua yote hiyo?"

"Yote."

"Kwa hiyo hayo maneno mengi ni ya nini?"

Nilijua jibu lake kuliko ninavyojua kitu kingine chochote, ndiyo kazi niliyosomeshewa. Nilimwambia tu kilichoandikwa mwisho, kwamba eneo linasawazishwa kesho asubuhi. Alipokea barua akaikalia ili isipeperushwe na upepo. Akagusa dagaa wa ukingoni, walikuwa bado wabichi.

"Basi nisaidie kuwakusanya," alisema, akapiga magoti.