Mwanaasha na Mtoto Aliyekataa Uji

Jumapili asubuhi, nje ya vibanda vya vibarua chini kidogo ya Mkuyuni, Mwanaasha ameketi kwenye kigoda na mwanawe Dadi amelala mapajani. Anachota uji wa mtama kwa kiganja cha kulia, anakikinga kwenye mdomo wa mtoto kama wanavyofanya wanawake wenzake, na kusubiri. Dadi anakaza midomo. Anageuza uso, anatupa mkono, na uji wote unaishia shingoni.

"Tangu juzi hajameza kitu zaidi ya maji ya kwenye kata," anasema Mwanaasha. "Jana alilia kutwa. Leo hata kulia amechoka, na hicho ndicho kinachonitisha."

Kesho ni siku ya kazi. Mwanaasha ni kibarua wa palizi katika shamba la mpira la Mdachi mmoja, na msimu wote huu amepalilia akiwa na mtoto mgongoni. Wiki iliyopita nyapara Hatibu alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Shamba linalipa mtu mmoja, wewe unaleta wawili, na mmoja anapiga kelele tu," alimwambia. "Jumatatu uje peke yako, la sivyo usije."

Kutokwenda si jambo la kuchagua. Mumewe, Mwinjuma, aliifuata kazi ya reli ilipoanza kusogea kuelekea Kilosa, na tangu hapo kimya. Kodi ya serikali kwa kila kibanda ni rupia tatu, na wanaoikusanya hawaulizi kama mwenye kibanda yupo au hayupo. Asiyelipa hupelekwa kutengeneza barabara. Akipelekwa yeye, Dadi atabaki na nani?

Ndipo akaamua kumwachisha ziwa kwa mara moja. Dadi ana mwaka na ushee, na uji alikwisha kuuzoea, ingawa ziwa ndilo lililomshibisha. Mwanaasha alikata jani la shubiri akajipaka utomvu wake mchungu kwenye chuchu.

"Alinyonya kidogo, akaacha, akaniangalia," anasema. "Aliniangalia kama mtu niliyemwibia. Nilijichukia."

Siku ile ziwa aliliacha kweli. Ila uji nao akaukataa, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Majirani, kama kawaida yao, hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni jicho baya, mwingine minyoo, wa tatu akaapa kwamba mtoto anamkumbuka baba, ambaye kwa kweli hata hamjui vizuri. Mwanaasha alibadilisha unga, akaponda ndizi, akatia asali. Dadi alikataa vyote. Na kila alipolitafuta tena ziwa, Mwanaasha alijipaka shubiri upya, kisha akarudi na kiganja cha uji.

Jua likiwa limepanda, anafika mama yake, Bi Chausiku, aliyeitwa kutoka Matombo aje kumlea mjukuu. Miguu imejaa vumbi na mkungu wa ndizi bado uko kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Bi Chausiku anautua mkungu, anamtazama Dadi. Anauonja uji kwa kijiko. Uji ni mtamu. Kisha anakishika kiganja cha bintiye, anakinusa, anakigusa kwa ncha ya ulimi, na kutema chini.

"Shubiri ulijipaka kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na uji unamnywesha kwa mkono gani?"

Mwanaasha anakitazama kiganja chake. "Lakini ninanawa, mama!"

"Kwa maji matupu? Shubiri inaogopa maji? Si ungejipaka kwa mkono wa kushoto!"

"Ziwa ni riziki ya mtoto," anajibu Mwanaasha kwa sauti ndogo. "Ningeligusaje kwa mkono wa kushoto?"

Bi Chausiku anaacha kumgombeza. Adabu hiyo alimfundisha yeye mwenyewe.

Ananawa, anampakata mjukuu, anachota uji kwa kiganja chake. Dadi anakaza midomo vilevile. Bibi hamlazimishi. Anauacha uji utiririke kidogo tu hadi kwenye mdomo wa chini. Mwanaasha amejiziba mdomo kwa khanga, hataki hata kupumua kwa sauti. Ulimi unachungulia, unalamba, unarudi ndani. Dadi anameza. Mara anakidaka kifundo cha mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, anakivuta kwa nguvu zake zote, na Mwanaasha anaangua kilio.

Alipokwisha kulia alikisugua kiganja kwa majivu na mchanga hadi kikawa chekundu, akachota uji. Dadi alikitazama, akauficha uso kifuani kwa bibi.

Jumatatu Mwanaasha alikwenda shambani peke yake. Nyapara Hatibu aliridhika. Mwanaasha alipalilia siku nzima akipeleka mkono nyuma kumpapasa mtoto ambaye hakuwepo.

Bi Chausiku atakaa hapo mpaka palizi iishe, na Dadi ameanza tena kusimama kwa kushika ukuta. Mwanaasha anasema kodi ataipata, Mungu akijalia, na Mwinjuma akirudi atamkuta mtoto mzima. Lakini hilo silo analoliwaza akitoka shambani.

"Ashibe kwa mama yangu, sina kinyongo," anasema. "Ila kila jioni nitaketi mbele yake na kumnyooshea mkono huu. Akikataa, nitanyoosha tena kesho. Nataka tu aje ajue kwamba si mimi niliyekuwa mchungu."