Shamba Liligawiwa kwa Nyumba

Darasani kwangu hapa Bariadi kuna ramani ya nchi inayoonyesha msongamano wa watu. Mkoa wetu umepakwa rangi nzito, Katavi rangi hafifu. Kila mwaka nawaeleza watoto kwamba watu hutoka palipojaa kwenda penye nafasi, na kila mwaka nalisema kama jambo jepesi, kama maji yanavyoteremka mlimani. Siwaambii habari za nyumba ya mama yangu.

Kwetu ni Zagayu. Baba alikuwa na wake wawili. Mama alizaa watoto saba, watano wa kiume, na wote tuliishi. Bibi zetu walizaa wengi wakazika wengi. Sisi tulikuta chanjo. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, na mama hakumwacha apumue.

"Nyumba yako ina mwangwi," alimwambia siku moja wakichambua pamba. "Ukikohoa unajiitikia mwenyewe."

Tulicheka, watoto wote wa upande wetu.

Baba alipozeeka aliwaita wanaume wa ukoo akagawa shamba. Aligawa kama baba yake alivyogawa, kwa nyumba, si kwa vichwa: kila mke nusu, mkonge ukapandwa katikati kuwa mpaka. Mtoto wa mama mdogo akapata nusu nzima. Kaka zangu watano wakagawana iliyobaki. Sisi mabinti hatukutajwa. Hesabu yetu ilikuwa ng'ombe wa mahari, na walishaliwa.

Kaka mkubwa alisimama kwenye ukanda wake akanyoosha mikono. "Hapa nikigeuka tu, nimeiba pamba ya mdogo wangu."

Watu walicheka, isipokuwa baba. Mama mdogo alikuwa akipita na ndoo kichwani. "Dada, wewe uliimbiwa nyimbo za sifa kwa kuzaa," alisema taratibu. "Sasa nawe waimbie, labda watashiba."

Kaka zangu walihama mmoja baada ya mwingine na ng'ombe wao. Wawili walikwenda Katavi, mmoja Morogoro, ambako wakulima walimpokea kwa mapanga, mmoja hatujui vizuri alikoishia. Kila aliyeondoka aliuza ukanda wake kwa jirani apate nauli ya mifugo. Kwenye mazishi ya baba alirudi mmoja tu.

Akabaki kitindamimba. Kwetu huyo ndiye hukaa na mama na kumzika, na mama alimshikilia kwa macho. Alioa, mkewe akapata ujauzito, lakini ukanda wake ulikuwa umechoka kulimwa pamba bila kupumzishwa. Likizo moja nilimkuta amekwisha kuamua: anawafuata kaka zake.

Jioni hiyo mama alivuka mkonge. Nilikwenda naye. Alichuchumaa mlangoni pa mama mdogo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mdogo wangu," alisema, "mwazime mwanao huyu kipande cha kulima. Asipopata anaondoka, na mimi nabaki na kuku."

Mama mdogo hakumcheka. Ningefurahi angemcheka, ningepata wa kumchukia. Alinyoosha kidole uani, ambako wajukuu wake walikuwa wakigombania sufuria, wakubwa wakiwasukuma wadogo.

"Waangalie, dada. Ulidhani sisi tulibaki mmoja? Huyu mwanangu mwenyewe ameanza kuulizia Katavi."

Walikaa pale, wanawake wawili waliokuwa na mume mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango. Kisha mama akainuka, akashukuru, tukarudi.

Lori lilipakia ng'ombe asubuhi. Kaka alikuwa juu akifunga kamba, akinikwepa macho. Mkewe alikuja kuaga, akapiga magoti mbele ya mama kama inavyopaswa. Mkwe anayesafiri hutemewa maji kidogo, kisha huombewa: safari njema, na uzazi, azae ajaze mji. Mama alichukua maji kinywani akamtemea kifuani.

"Mfike salama," alisema.

Mkwe aliendelea kupiga magoti, kichwa ameinamisha, akisubiri maneno yaliyobaki. Mama alimtazama tumbo kwa muda. Kisha akamshika mkono akamvuta.

"Inuka, mwanangu. Lori litakuacha."